Mtoto Asikilizwe Kwanza: Somo kwa Wazazi, Walimu na Wainjilisti

Mwezi huu nataka kuwaandikia somo juu ya watoto wetu waendao skuli, na juu ya wazazi wao. Nasema skuli, wala sisemi shule, kwa kuwa habari hizi ni za Unguja, na ndivyo wasemavyo watu wa huko. Somo lenyewe ni neno moja tu: mtoto mwenye taabu asikilizwe kwanza, kabla ya kuhukumiwa, na mzazi wake vivyo hivyo. Ni neno jepesi kulisema, lakini mimi mwenyewe nalijifunza kwa kukosa. Basi nitaanza na kosa langu.

1. Kijana aliyesinzia

Nalipokuwa nikitumika mjini Unguja nalikuwa na darasa la kipaimara la watoto 12. Mmoja wao, kijana wa miaka 13, alikuwa akisinzia kila tulipokutana. Nalimkanya mara ya kwanza, nikamkanya mara ya pili. Mara ya tatu nalimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia ya kwamba mtu mvivu hawezi kuwa shahidi mwema. Wenzake wakacheka. Kijana hakujibu neno. Akachukua daftari lake akatoka, wala juma la pili hakurudi.

Nami naliona kwamba nimetenda kazi yangu. Hata siku moja nikakutana njiani na bibi mmoja, Mwislamu, aliyekuwa jirani ya kijana yule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yule kijana mmemfanya nini huko kwenu, hata haji tena?"

Nikamweleza. Yule bibi akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mtoto yule halali usiku, mwanangu. Nenda kamwulize yeye, usiniulize mimi."

Nikaenda. Siku ya kwanza kijana alinisalimu kwa adabu asiseme zaidi. Siku ya pili ilikuwa kama ile ya kwanza. Siku ya tatu nalimkuta nyuma ya nyumba akipara samaki, nikaketi chini nikashika kisu nikamsaidia. Tulipofika samaki wa nne au wa tano akaanza kusema, macho yake yakiwa juu ya kazi yake. Baba yake alikuwa amekwenda Bara kutafuta kazi, akaacha deni. Wadai walikuwa wakija usiku na kugonga mlango kwa nguvu, na mama na dada zake wadogo wakatetemeka. Kwa hiyo yeye alikuwa akiketi nyuma ya mlango tangu giza hata adhana ya alfajiri, ndipo alale kidogo, kisha aende skuli. Akaniambia, "Mlango naulinda mimi, Mchungaji."

Ndugu, mtoto huyu nalimwita mvivu mbele ya watu. Alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima, naye hakuwa na mtu wa kumwambia.

2. Somo la zamani la Kiungani

Jambo hili si jipya katika kisiwa hiki. Mwaka 1864, Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika Unguja, Seyyid Majid alimkabidhi watoto wanaume watano waliotolewa katika chombo cha watumwa. Wakati ule soko la watumwa pale Mkunazini lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, zamani za Seyyid Barghash, na juu ya kiwanja kile likajengwa kanisa kuu ambalo wageni huenda kulitazama hata leo. Watoto waliookolewa wakazidi kuongezeka. Wavulana wakasomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji, na wasichana wakasomeshwa Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akawa mkuu wa skuli yao kwa miaka mingi.

Wafikirini watoto wale. Mmoja aliona kijiji chake kikichomwa moto. Mwingine aliuzwa mara mbili na mara tatu, akasahau hata jina la mtaa wa mama yake. Mtoto wa namna hiyo akiketi darasani na kuutazama ubao, asione kilichoandikwa, je, ni mvivu? Akipiga kelele usiku, je, ana utukutu?

Mwaka 1887 kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake mna habari walizoziandika wanafunzi wenyewe, jinsi walivyotekwa na kuuzwa na kuletwa pwani, naye A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi za Kiswahili, akazifasiri kwa Kiingereza. Sisemi ya kwamba walimu wale hawakukosa kamwe. Lakini katika jambo hili walitenda vema, maana walimpa mtoto nafasi ya kusimulia, wakaiona habari yake kuwa yastahili kuandikwa. Katika wale watano wa kwanza, John Swedi akawa shemasi mwaka 1879. Naye Cecil Majaliwa, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akawekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1890. Sidai kwamba kusimulia peke yake kuliwafikisha huko. Nasema tu kwamba mtoto aliyevunjika moyo si chungu kilichovunjika, ambacho watu hukitupa jaani.

3. Mizigo ya watoto wa leo

Biashara ile imekwisha, Mungu ashukuriwe. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na tangu siku hiyo mlango wa skuli umekuwa wazi kwa mtoto wa maskini pia. Lakini si kila mtoto aingiaye mlango huo huingia mikono mitupu. Wengine huingia na mizigo isiyoonekana. Nitataja michache.

Kwanza ni kazi ya kutafuta riziki. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani na vijiji vya jirani, kina mama wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989. Kazi hiyo hufuata maji ya bahari. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali sana, hapo ndipo pa kufunga na kuvuna. Basi mtoto akikosa skuli siku tatu, akarudi, na baada ya majuma mawili akakosa tena, mwalimu na akitazame kitabu cha mahudhurio, kisha autazame mwezi. Huenda akatambua kwamba mtoto yuko pwani na mama yake, au amebaki nyumbani na mdogo wake. Huyo hahitaji kuhubiriwa habari za uvivu. Mama yake ndiye ahitajiye mtu wa kukaa naye na kupanga.

Pili ni saa za upweke. Kwa miaka mingi skuli nyingi za mjini zimegawanya watoto kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ingawa siku hizi serikali yajenga skuli za ghorofa ili kupunguza jambo hilo. Mtoto wa mkondo wa mchana hukaa asubuhi yote pasipo mtu mzima, ikiwa baba na mama wako kazini. Mambo mengi mabaya hupata watoto katika saa hizo.

Tatu ni msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, wakafa watu kwa mamia. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watoto wengi waliachwa bila baba, au bila mama, au bila ndugu. Ijueni namna mtoto anavyoomboleza, maana halii kama mtu mzima. Leo atacheza mpira na kucheka, na watu watasema, "Huyu amesahau." Kesho atampiga mwenzake bila sababu, au ataumwa tumbo kila asubuhi, au atakataa kupanda boti. Hajasahau.

Nne ni mtihani. Majibu ya kidato cha nne yakitoka, husomwa kila nyumba, na aliyeshindwa huona kwamba ameiaibisha mbari yake nzima. Kijana mmoja asiyefaulu aweza kujifungia chumbani siku nyingi, na watu wa nyumbani wakapita mlangoni wakisema, "Mwacheni, itamtoka."

Tano ni kuumizwa. Mwaka 2009 vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, Bara na Visiwani, juu ya mambo yaliyowapata utotoni, na habari zake zikatangazwa mwaka 2011. Kwa Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila 7, walisema kwamba walitendewa jambo la zinaa kwa nguvu au kwa hila kabla ya kufikia miaka 18. Unguja na Pemba nazo zilipimwa, na huko nako jambo hilo lilionekana, kwa wasichana na kwa wavulana. Angalieni neno hili la mwisho, maana wengi wetu hudhani kwamba mvulana hana hatari.

Shirika la Afya la Dunia limesema ya kwamba karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14. Maana yake huanza akiwa mikononi mwetu, katika darasa la skuli, katika chuo cha Kurani, katika darasa la kipaimara. Tukitazama tutayaona mapema.

4. Namna ya kumsikiliza mtoto

Haya ni maneno saba, nayo hayahitaji shahada ya chuo kikuu.

Kwanza, chagua mahali panapoonekana, bali pasiposikika. Baraza la Mji Mkongwe ni mahali pazuri pa kahawa na habari za mji, lakini si mahali pa siri ya mtoto, kwa kuwa kila apitaye husalimu na kutega sikio. Chumba kilichofungwa nacho hakifai hata kidogo, kwa ajili ya usalama wa mtoto na kwa ajili ya jina lako. Keti chini ya mwembe, au ukumbini mlango ukiwa wazi, watu wakuone wala wasisikie.

Pili, mpe mikono kazi. Mtoto akitazamwa usoni hunyamaza. Akimenya muhogo, au akifagia nawe, au akitembea nawe njiani, maneno hutoka yenyewe.

Tatu, usianze na "kwa nini". Swali hilo ni la hakimu. Mwambie, "Nieleze siku yako tangu ulipoamka." Katika kueleza siku moja ataufikia mzigo wake, nawe utaona mahali anaposita.

Nne, nyamaza. Wale rafiki watatu wa Ayubu walitenda vema siku saba walizoketi chini pamoja naye pasipo kusema. Walianza kukosa walipofungua vinywa. Sisi wahubiri tumezoea kujaza kimya, na hilo ni kosa letu.

Tano, usimwahidi kuficha kila jambo. Mwambie mapema, "Maneno yako sitayatangaza. Lakini ukiniambia kwamba mtu anakuumiza, au kwamba wataka kujiumiza, nitamwita mtu wa kutusaidia, nami nitakujulisha kwanza." Ahadi usiyoweza kuitimiza itamwumiza mara ya pili.

Sita, usiifanye habari yake kuwa mfano wa mahubiri. Hata usipotaja jina, usharika ni mdogo, na watu watamjua.

Saba, mtoto wa jirani Mwislamu akija kwako na taabu yake, msaidie kama mtoto, wala usiitumie taabu hiyo kuwa ndoana ya kumvutia dini yako. Tafuta watu wake, baba yake na mama yake, au mwalimu wake wa chuoni, mshauriane. Nani kati yetu angependa mtoto wake atendewe vingine?

5. Namna ya kumsikiliza mzazi

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, twasoma habari za baba aliyemleta mwanawe mgonjwa. Wanafunzi walikuwa wameshindwa, na watu walikuwa wakibishana. Bwana Yesu hakuanza na kumlaumu yule baba. Alimwuliza tangu lini mtoto amepatwa na jambo hilo. Swali dogo, lakini lilimpa yule baba nafasi ya kusimulia yote, moto na maji na hofu yake, hata mwisho akakiri kwamba imani yake mwenyewe ni haba. Wala hakukaripiwa. Mtoto akaponywa baada ya baba yake kusikilizwa.

Lakini sisi hufanyaje? Mzazi huitwa skuli, au kanisani, husimamishwa mbele ya watu, huambiwa, "Mwanao ametushinda." Hurudi nyumbani na aibu, na aibu hiyo humwangukia mtoto kwa fimbo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi akija na hasira, mara nyingi hasira hiyo ni hofu iliyovaa nguo nyingine.

Chukueni mfano huu. Mwinjilisti amekwenda kwa bibi mmoja anayemlea mjukuu wake mtukutu.

"Hodi, hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Umekuja kumshitaki tena?"

"Sikuja kumshitaki, bibi. Nimekuja kukujulia hali. Naona walea peke yako."

"Peke yangu. Mama yake yuko Maskati kwa kazi za nyumbani, mwaka wa tatu huu. Fedha huleta, simsingizii. Lakini mtoto haniulizi fedha, huniuliza mama. Nami nimechoka, mwanangu. Nampiga, kisha nalia."

Mwinjilisti huyu hajatoa shauri lo lote bado, lakini amekwisha kupata yale ambayo barua kumi za skuli zisingempa. Sasa aweza kuuliza kama mama wa mtoto hupiga simu siku gani, na kama mtoto huzungumza naye peke yake, ama bibi ndiye asemaye. Aweza kuuliza ni nani katika jamaa, mjomba au shangazi, awezaye kukaa na mtoto jioni moja kila juma. Hayo ni mambo madogo, lakini mtoto huishi kwa mambo madogo.

Ikibidi mzazi na mwalimu wakutane, shikeni taratibu tatu. Mzazi aketi, asisimame. Mwalimu aanze kwa kutaja jambo moja jema la mtoto, nalo liwe la kweli. Tena mkubaliane juu ya neno moja tu la kufanya, na siku ya kukutana tena. Wakipewa maneno kumi hawatashika hata moja.

Juu ya fimbo nasema hivi. Wengi wetu twalipigwa, nasi husema kwamba ndiyo iliyotukuza. Lakini fimbo humnyamazisha mtoto, na kunyamaza si kutii. Mtoto azoeaye kupigwa kwa kila kosa hujifunza kuficha. Na akizoea kuficha makosa yake, ataficha pia anayotendewa na wengine. Hapo ndipo adui yake apatapo nafasi.

6. Muhali

Watu wa Unguja wana neno liitwalo muhali. Ni ile haya ya kumkatalia mtu, au kumshitaki, kwa sababu ni jirani au ndugu, au kwa sababu mliwahi kula pamoja. Muhali una uzuri wake, maana ndio uwafanyao watu wa mtaa mmoja kuvumiliana. Lakini mtoto akiumizwa mwilini mwake, muhali hugeuka kuwa pazia la kumfichia mwovu. Wazee huketi, hutolewa fedha, au huposwa msichana aozwe kwa mtu yule yule aliyemharibu, nao huita jambo hilo suluhu. Mashahidi huacha kwenda mahakamani. Mtoto hubaki akimwona adui yake kila siku kisimani. Ndugu, hiyo si suluhu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, sheria iliyosifiwa hata nje ya nchi, ikapewa tuzo ya dhahabu na World Future Council mwaka 2015. Lakini sheria haiendi yenyewe nyumba kwa nyumba. Mtu akiambiwa na mtoto kwamba ameharibiwa, na afanye hivi. Amwambie, "Nakusadiki, wala si kosa lako." Asimwoshe, wala asifue nguo zake. Ampeleke hospitali siku ile ile, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi yapasa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na ikianzwa mapema zaidi ni bora. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja kimekuwako tangu mwaka 2011 kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, mshauri na polisi hupatikana mahali pamoja, ili mtoto asisimulie jambo lile lile mlango kwa mlango. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Sheha na ofisi ya ustawi wa jamii wapaswa kuambiwa. Tena iko simu ya watoto, namba 116, nayo haina malipo.

Nanyi wazee wa kanisa, sikieni neno hili bila kukasirika. Ikiwa aliyetenda ni mzee mwenzenu, au mwinjilisti, au mchungaji kama mimi, njia ni ile ile. Jambo hilo si la kuamuliwa na baraza la wazee, wala si la kufunikwa kwa maombi. Kanisa linalomficha mtu huyo halilindi jina la Mungu. Lalinda jina lake lenyewe.

Liko na neno la maradhi ya akili. Hospitali ya Kidongo Chekundu watu huitaja kwa mzaha, na kwa hiyo mzazi huona haya kumpeleka mtoto hata anapohitaji daktari. Lakini mtoto asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au asiyekula wala kulala majuma mengi, au asemaye kwamba afadhali afe, apaswa kuonwa na daktari. Akisema ataka kufa, mwulize waziwazi, "Je, umefikiri kujiua?" Swali hilo halimpi wazo asilokuwa nalo, lamwonyesha kwamba yuko mtu asiyeogopa kusikia. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa na kamba nyumbani, mpeleke siku hiyo hiyo. Mwombeeni pia, lakini maombi yasiwe sababu ya kuchelewa.

7. Mwisho wa habari ya kijana

Mtauliza, yule kijana alikuwaje? Kwanza nalimwomba radhi. Nalifanya hivyo mbele ya darasa, kwa sababu nalimwaibisha mbele ya darasa. Kosa la hadharani halitubiwi chumbani. Kisha nalizungumza na mama yake, naye akanipa ruhusa ya kuwaambia wazee wawili tu. Wazee wale wakaenda kwa wadai mchana, wakapatana nao kulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na kugonga mlango usiku kukakoma. Yule bibi jirani akamtuma mwanawe, mtu mzima, alale sebuleni mwao majuma kadhaa. Walikubaliana wao kwa wao, mimi nalipashwa habari tu.

Kijana akalala. Hata hivyo kwa muda mrefu alikuwa akiamka usiku na kwenda kuupapasa mlango, kama ulivyo mazoea ya mlinzi. Alichelewa mwaka mmoja, akabarikiwa pamoja na darasa lililofuata. Baba yake hajarudi. Sikuweza kumrudishia baba, wala nyinyi hamtaweza kuondoa kila taabu mtakayoisikia. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mtoto alindaye mlango peke yake, na mtoto ambaye watu wazima wamejua kwamba mlango huo wapaswa kulindwa na wao.

Maswali ya kujiuliza, na ya kuzungumza katika mikutano ya walimu na wazazi

1. Katika darasa langu, ni mtoto yupi nimemwita mvivu au mtukutu? Je, najua anavyolala, na anakula nini, na nani yuko nyumbani kwao?

2. Mara ya mwisho nalipomwita mzazi, nalimpa nafasi ya kusema kwa dakika ngapi kabla ya kumpa shauri?

3. Je, usharika wetu una mahali panapoonekana bali pasiposikika, ambapo mtoto aweza kuzungumza na mtu mzima?

4. Je, namba 116, na njia ya kwenda kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu, zimebandikwa mahali ambapo watoto wenyewe huziona?

5. Ni jambo gani katika mtaa wetu ambalo wote twalijua, nasi twalinyamazia kwa muhali?

Swali la tano msilijibu upesi. Kaeni nalo juma zima, kisha mkutane tena.